Mstari wa Tope

Ukurasa wa thelathini na mbili: "Gharika."
Obonyo akaanza, kidole kikitambaa chini ya neno,
gha-ri-ka, kama mtu avukaye ubao mwembamba
akiogopa kutazama kando.
Aliyemfuata akasoma vivyo hivyo.
Watoto arobaini na saba, sauti moja bapa,
na maana imesimama nje, mlangoni,
ikingoja mtu aseme karibu.

Gharika ni nini?
Kimya. Jogoo wa jirani ndiye aliyejibu.
Nikaandika ubaoni: maji mengi kupita kiasi.
Wakanakili.
Wananakili vizuri sana.

Mimi ni wa milimani, Maragoli.
Kwetu mvua hushuka mteremko ikaenda zake,
ikaenda kwa watu wengine.
Sikuwahi kujiuliza watu hao ni kina nani.

Nikaegemea ukuta nifikiri, shati likachafuka begani.
Nikageuka: mstari wa kahawia,
umenyooka kama uliopigwa kwa rula,
dirisha hadi dirisha, kimo cha kifua changu.
"Huu aliuchora nani?"

Wakacheka, darasa zima,
kicheko cha kumhurumia mgeni.
"Ni Nyando, mwalimu."

Basi fungeni vitabu, nikasema. Nifundisheni.

Ajwang' akasimama: mama huchomeka ufito ukingoni,
ufito wenye alama za kisu,
usiku huenda na tochi kuusoma
(kuusoma, alisema, neno hilo sikumpa mimi)
na alama ya tatu ikizama, hakuna kulala.
Odundo: siafu hupanda ukutani kabla ya redio kutangaza.
Kitambulisho cha baba hutiwa ndani ya mfuko wa unga,
mfuko ndani ya mfuko.
Bibi alibebwa na kiti chake
akilalamika kwamba wamesahau kiko.
Kuku darini. Magodoro juu ya madawati, haya haya;
"mimi nililala hapo ulipoweka mkoba wako."
Nikautoa mkoba. Sijui kwa nini.

Wakanipa jina lake kwa lugha ya nyumbani.
Nikaliandika kando ya gharika, nikakosea herufi,
wakanisahihisha wote kwa mpigo,
na Obonyo, kwa sauti ya aliyedanganywa wiki nzima:
"Kumbe ni mafuriko tu!"

Fungueni sasa.

Walisoma polepole kuliko mwanzo.
Walifika kwenye "maji yakaingia kizingitini" wakatua,
hapana nukta hapo, lakini wakatua,
mtu akavuta pumzi.
Walifika kwenye "familia ikahama"
na mmoja akauliza, kuelekea wapi? Kitabu hakikusema.

Amondi hukaa karibu na mlango.
Tangu muhula ufunguliwe sikuwa nimeisikia sauti yake,
nikadhani hajui kusoma, nikaandika hivyo
kwenye daftari langu, kwa wino.
Akainua mkono nusu.

"Kitabu kimekosea."
Wapi?
"Hapa. Baba alikimbilia kuiokoa meza."
Akaweka kidole juu ya meza, akakibonyeza.
"Kwanza unamfungua ndama.
Kamba ndiyo inayomuua. Si maji."

Hakuna aliyecheka.
Nikatazama mwongozo wa mwalimu, swali la tatu:
Baba aliokoa nini kwanza?
Jibu: meza.

Kengele ikalia kabla sijajua la kusema.
Walitoka mbio kuelekea mpira,
nikabaki nakusanya vitabu, nahesabu,
arobaini na sita, arobaini na saba,
na katika kile cha mwisho, pambizoni,
penseli nyepesi, herufi zimebanana
kama watu juu ya paa:
ndama kwanza.

Kitabu cha serikali hakiandikwi.
Mwalimu mkuu ametuonya, amebandika na ilani ofisini.
Nikaingiza mkono mfukoni, nikakipata kifutio.
Nilikishika muda mrefu,
bega langu bado na tope la ukutani.